Karatasi ya Saa Nne Asubuhi

Athumani mwanangu,

Barua ya heshima huanza kwa salamu, lakini mimi nimesoma salamu za watu hewani tangu hujaota meno, za fulani wa Msambweni zimfikie fulani wa Tiwi, hata zimenikifu. Zako nitakupa kwa mdomo kesho alfajiri, wewe ukiwa na begi mkononi na mimi nikijifanya sina haja ya kulia.

Nakuandikia kutoka studio. Ni saa tisa kasorobo, na mpaka saa kumi na moja na nusu sina kazi ila kuulinda mtambo, maana kipindi kinatoka Nairobi. Vijana wawili wa huko wanacheka hewani jambo ambalo nimeshindwa kulielewa. Nyumbani nisingeweza kuandika. Shangazi yako Mwanasha ameijaza nyumba nzima, anakunja nguo zako na kuzikunjua, na mambo ya sweta, dawa ya kifua na usile ovyo njiani nimemwachia yeye. Ana mdomo wa kututosha sote. Mimi nina jambo moja tu, nalo ninaliandika nyuma ya karatasi za taarifa ya habari kwa kuwa ndizo zilizopo.

Chumba hiki unakijua. Hakina dirisha. Trei za mayai zilizobandikwa ukutani ili sauti isirudi tulizibandika kwa mikono yetu, mimi na Mwalimu Hamisi na wenzetu, na mayai yenyewe tuliyala mpaka tukayachukia. Kuna mlango mmoja mzito, na kioo kimoja, na nyuma ya kioo hukaa meneja. Zamani niliupenda ukimya wa humu. Siku hizi mlango ukifungwa kifua kinanibana, nahesabu dakika za kutoka, na nikitoka najikuta bado nimo humu humu.

Mwalimu Hamisi humkumbuki vizuri. Ndiye aliyeianzisha redio hii pamoja na wazee wa vijiji, alipostaafu ualimu. Alikuwa mtu mkali, mpenda chai ya tangawizi, asiyejua kusifu mtu. Siku yangu ya kwanza hakunifundisha kutia sauti wala kupanga nyimbo. Alinipa kalamu, akaniambia kila karatasi ya tanzia ikiletwa mlangoni niandike pembeni saa iliyofika, kisha niisome papo hapo, hata kama kuna wimbo, hata kama kuna taarifa ya habari, hata kama rais anazungumza. Nikamuuliza kwa nini isingojee zamu yake. Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini watu hula.

"Sisi tunazika leo leo, binti," akasema. "Maiti hangojei tangazo la sabuni."

Hiyo ndiyo kanuni niliyokulia nayo kazini, na watu waliijua. Ndiyo maana hata sasa, simu ziko kila mfuko na kila ukoo una kundi lake la WhatsApp, utaona redio imeachwa wazi dukani, kwenye karakana ya mashua na kwenye jiko la mama wa mahamri. Hawasikilizi nyimbo zetu. Wanangojea kusikia kama kuna mtu wao. Kwenye simu mtu huuawa Jumatatu akafufuka Jumanne, kila mmoja amesambaziwa na mwenzake. Gazeti nalo hufika kijiji kama Gazi jua liko utosini, likasomwa mpira, na kesho yake limefungiwa viazi karai. Lakini redio ikisema fulani amefariki, watu huvaa kanzu na kutoka.

Kisha redio ikauzwa. Wazee walishindwa na bei ya mitambo na vibali, na mheshimiwa akaja na mkono mrefu. Wewe unamjua mheshimiwa, sina haja ya kumtaja. Ana redio hii, ana nyingine mbili, ana gazeti, na ana televisheni ya huko Nairobi unakokwenda. Tulipiga makofi siku ile, mimi mbele ya wote, kwa sababu tulipakiwa rangi ukuta wa nje na tukaletewa viti vinavyozunguka. Kipindi chetu cha Kidigo kikapunguzwa mpaka kikawa nusu saa ya Ijumaa. Habari zikawa zinakuja zimeshaandikwa, za watu tusiowajua. Kilichobaki chetu ni tanzia, nazo zikapewa saa yake. Mara mbili kwa siku, saa tano asubuhi na saa kumi na moja na nusu, baada ya matangazo ya biashara. Nilipinga kidogo, kwa sauti ndogo. Meneja mpya, kijana wa bara asiyekuwa mtu mbaya, akaniambia kama ni dharura nigonge kioo nimwombe ruhusa. Nikakubali. Babako alikuwa ameshafariki, wewe uko shule, na nyumba yetu ilisimama kwa kazi hii. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama, nikakipata, ila hakuna aliyenionya kwamba mgongo huzoea.

Sasa sikiliza, Athumani. Hapa ndipo penyewe.

Mwaka jana, mwezi mmoja baada ya Idi, alikuja mtu mlangoni kutoka Gazi anaitwa Suleimani, mmoja wa wale wanaootesha miche ya mikoko. Suruali yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Mamake, Bi Riziki, alikuwa amefariki alfajiri. Wazee walitaka kuzika baada ya adhuhuri, yeye akawaomba wasogeze hadi alasiri kwa ajili ya mtu mmoja tu, kaka wa marehemu, Mzee Bakari, anayefuga mbuzi huko nyuma ya Kinango. Unajua kwetu Wadigo mjomba ni nani. Mjomba ndiye hukaa mbele katika posa, ndiye huulizwa kabla ya kaburi kuchimbwa. Kuzika dada ya mtu bila yeye ni kumwambia kwamba hana nyumba.

"Simu hana, na hataki kuwa nayo," Suleimani aliniambia. "Lakini redio haimtoki shingoni, hata malishoni. Akisikia sasa, alasiri atakuwa amefika."

Nikaandika pembeni kwa kalamu, kama nilivyofundishwa: saa nne na dakika tano asubuhi. Nikamwambia nenda baba, kawahi msiba, hii niachie mimi.

Siku hiyo mheshimiwa alikuwa na mkutano wake uwanjani Kwale, na sisi tuliupeperusha moja kwa moja tangu saa nne na nusu. Dakika zile ishirini na tano za kwanza, kabla hajaanza, ningeweza kusoma. Nilifikiri nitasoma saa tano, kwenye saa yake, bila kumsumbua mtu ruhusa. Uvivu tu, mwanangu, na woga mdogo wa kugonga kioo. Saa tano ikafika, mheshimiwa ndiyo kwanza anapasha koo. Nikagonga kioo. Nikaonyesha karatasi.

"Mathe, ngoja kidogo," meneja akasema kwenye spika. "Bosi ako hewani. Nikimkata, mimi na wewe tunaenda nyumbani leo."

Nikaiweka karatasi chini ya bilauri ya maji isipeperuke na feni. Saa sita nikagonga tena, akatikisa kichwa bila kunitazama. Saa saba sikugonga. Nataka ulijue hilo kuliko mengine yote. Saa saba hakuna aliyenizuia, nilijizuia mwenyewe. Swichi ya maikrofoni ilikuwa pale, karibu na kidole kuliko bilauri yenyewe. Ningesema maneno kumi na tano. Nilikaa nikimsikiliza mheshimiwa akiahidi visima, na mkono wangu umelala mezani.

Alimaliza saa tisa na nusu. Nikaisoma tanzia ya Bi Riziki neno kwa neno kama ilivyoandikwa, kwamba mazishi ni leo baada ya alasiri, huku nikijua jeneza liko njiani kwenda msikitini. Sikuwa na uso wa kuongeza kwamba muda umepita. Mzee Bakari alisikia kule malishoni. Aliwaacha mbuzi kwa jirani, akapanda bodaboda mpaka Kwale, akashuka Kombani, akapata gari, akafika Gazi isha inaswaliwa. Kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji na watu wameshanawa mikono.

Siku tatu baadaye alikuja hapa. Mzee mrefu, kanzu safi, na kile kiredio chake kifuani kimefungwa kwa kamba ya mkonge. Hakupaza sauti. Alinisalimu, akaniuliza habari za nyumbani, akasema sauti yangu anaijua miaka mingi na amefurahi kuuona uso wake. Kisha akauliza, "Binti yangu, ile karatasi ya dada yangu ilifika saa ngapi?"

Meneja alikuwa amesimama kando yangu. Sikumtazama, wala yeye hakunigusa wala kunikonyeza, hilo namtolea ushahidi.

"Ilichelewa, baba," nikasema.

Akashukuru. Akasema, basi ni Suleimani, na akaenda zake.

Karatasi yenyewe ilikuwa ndani ya mkoba wangu, na saa yake pembeni kwa mwandiko wangu.

Sijui kama utaweza kuuona ukubwa wa jambo hilo ukiwa na umri wako. Mimi mwenyewe sikuuona siku ile. Nilidhani nimemtuliza mzee. Baada ya miezi nikasikia kwamba mjomba na mpwa hawasemezani. Mwezi uliopita Suleimani alimwoza bintiye. Alituma wazee Kinango mara mbili kumwomba mjomba aje akae mahali pake. Mara ya pili wakarudi na jibu, kwamba aliyemzika dada yangu bila mimi, na aoze bila mimi. Arusi ikafanyika na kile kiti mbele kikaachwa kitupu, na kila aliyeingia alikiona.

Nilikutana na Suleimani sokoni Ukunda kabla ya arusi ile. Nilitaka kujificha nyuma ya mafungu ya mchicha, mtu mzima na miwani yangu, lakini alikuwa ameshaniona. Akanisalimu kwa heshima. Nikamuuliza, kwa nini hukumwambia mjomba wako kwamba uliileta mapema?

"Nilimwambia," akasema. "Lakini redio imesema ilichelewa. Mimi ni nani mbele ya redio, Bi Mejuma?"

Hakunilaumu hata kidogo, na hapo ndipo nilipoumia. Watu wa Gazi na Mwalimu Hamisi na miaka yangu yote ya kusoma saa kamili na majina kamili walikuwa wamenijengea neno lisilobishwa, na mimi nikaja nikalitumia neno hilo kumzikia mtu heshima yake. Nilimdanganya mzee mmoja, uso kwa uso, wala si hewani, lakini nguvu ya uongo ule ilitoka hewani.

Sasa sehemu yako.

Wiki mbili baada ya mkutano ule wa Kwale, meneja aliniita akanipa soda. Akasema mheshimiwa amesikia kwamba siku ile kulikuwa na shinikizo la matangazo na mimi nikashika nidhamu. Kisha akasema, "Yule kijana wako aliyesomea uandishi, mwambie alete barua. Nafasi ipo Nairobi." Wewe ulipopata jibu ulipiga kelele mpaka majirani wakaja, ukaniambia wameipenda ile kazi yako uliyorekodi kwa simu, ya akina mama wa mikoko. Nikasema, alhamdulillahi. Nikapika pilau. Nikakuacha uamini.

Kazi ile ni nzuri, hilo sikudanganyi. Niliisikiliza peke yangu mara tatu, na pale ulipomwacha yule mama anyamaze bila kumkatiza niliona fahari mpaka nikaona haya. Lakini mlango haukufunguliwa na kazi yako, mwanangu. Ulifunguliwa na karatasi iliyokaa chini ya bilauri. Nilitaka uende ukiwa hujui, nikajiambia ndio mapenzi ya mama. Ila wiki hii nilikuwa nikikutazama ukipiga pasi yale mashati, ukijaribu sauti ya mtangazaji mbele ya kioo, na nikaona unaingia chumba kilekile nilichomo mimi. Kikubwa zaidi, chenye taa nyingi na baridi ya mashine, lakini mwenyewe ni yuleyule. Siku moja watakuwekea karatasi mkononi na mtu nyuma ya kioo atakwambia ngoja kidogo. Utangoja, kwa sababu mamako alingoja, na kwa sababu utadhani deni la mlango ule ni lako.

Nilifikiri nikae kimya mpaka uzoee kazi, nitengeneze baadaye. Nimefikiri hivyo kila jioni kwa mwaka mzima. Nikisema, nafasi yako inaweza kupotea, na yangu itapotea bila shaka. Nisiposema, Mzee Bakari hazidi kuwa kijana. Nilienda Gazi mara moja nimwombe Suleimani radhi kimya kimya, nikafika mpaka kwenye vitalu vya miche nikarudi, kwa kuwa radhi ya kimya kimya isingemfikia mjomba. Yeye haamini mdomo wa mtu tena. Anaamini hicho kilicho kifuani mwake. Hata nikienda Kinango kwa miguu yangu nikamwambia yeye peke yake, watu wote waliokiona kile kiti kitupu wataendelea kuamini kwamba Suleimani alichelewesha maiti ya mamake.

Na nilitaka kukuuliza wewe kwanza. Jana usiku wakati wa chakula neno lilinifika mdomoni, wewe ukaniomba chachandu, nikakupa. Leo nashukuru sikuuliza. Ningekuuliza, ungesema ndiyo kwa kunihurumia au hapana kwa kuogopa, na vyovyote vile mzigo wangu ungekuwa begani kwako njia nzima mpaka Nairobi.

Sikuambii uwe shujaa huko. Mashujaa mimi siwajui, na wale wanaotangazwa kwenye redio nimewasoma mimi mwenyewe kutoka karatasi walizoandika wao. Nakuambia nilichokiona tu. Kosa langu halikuwa kubwa lilipoanza, lilikuwa dakika ishirini na tano za kusema nitasoma baadaye. Kwenye kazi yetu mtu haamki siku moja akaamua kudanganya. Hungojea tu kidogo. Na anayengojea huja akaulizwa saa, na hapo ulimi hauna mfupa.

Ikiwa kesho bado nafasi ipo, nenda ukaifanye kwa mikono yako, na usijione mdogo. Wengi huingia kwa mlango mbaya wakafanya kazi nzuri. Ikiwa haipo, begi limeshafungwa na tikiti ya basi haitoki kwa mheshimiwa. Nenda vilevile. Una simu ile uliyorekodia akina mama wa mikoko, na una sikio. Mimi nitakasirikiwa hapa hapa Ukunda, pananitosha.

Ni saa kumi na moja na dakika ishirini na tatu. Vijana wa Nairobi wanaaga. Linakuja tangazo la rangi za nyumba, kisha la simu, kisha zamu yangu. Ninazo tanzia mbili za leo na ile moja ya mwaka jana. Nimeitoa kwenye mkoba nikainyoosha. Imekunjika mpaka jina la Gazi linasomeka kwa taabu, lakini saa iliyo pembeni iko wazi.

Najua redio ya nyumbani imewashwa. Shangazi yako hajawahi kuikosa tanzia.

*

Nimesoma.

Nilisoma zile mbili kwanza, kwa majina yote na nasaba zote, kwa sababu wafu wa leo hawana makosa. Kisha nikasema hivi, nakuandikia ili uwe nayo kwa mwandiko wangu: "Mzee Bakari wa Kinango, kaka wa marehemu Bi Riziki wa Gazi. Karatasi ya msiba wa dada yako ililetwa hapa na Suleimani saa nne na dakika tano asubuhi. Ilisomwa saa tisa na nusu. Suleimani hakuchelewa. Niliyechelewa ni mimi, Mejuma, na nilipoulizwa nikasema uongo."

Maneno hayo hayafiki hata dakika moja. Nimekaa nayo mwaka.

Baada yake nikaweka wimbo, sijui wimbo gani, ule uliokuwa karibu. Meneja amesimama nyuma ya kioo na simu mbili masikioni, anatikisa kichwa kwa mtu asiyeweza kumwona. Nilidhani nitapumua. Bado sijapumua, chumba ni kilekile na trei za mayai ni zilezile.

Karatasi yenyewe nitampelekea Mzee Bakari kesho, basi lako likishaondoka, kutoka mikononi mwangu mpaka mikononi mwake. Kama atanifungulia ua, sijui.

Meneja amekuja mlangoni, anagonga. Na simu yangu inaita hapa juu ya meza, jina lililoandikwa ni lako. Sijui unapiga kwa hasira, au shangazi amekushikisha tu, au una neno. Mlango utangoja kidogo. Nakupokea wewe kwanza.

Mamako,
Mejuma